Dawa Moja, Mapacha Wawili

Mchungaji, wafiwa wenzetu na majirani wa Kuhmo, familia inawasomea maisha ya Hellevi Heikura kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa hapa Kuhmo tarehe 9 Machi 1974, binti wa mzee Aarne na Bi Sylvi, akimtangulia pacha wake Ilpo kwa dakika kumi na mbili, jambo alilomkumbusha kila walipogombana.

Alikuwa bado shuleni tarehe 4 Oktoba 1989, mikono yake iliporuka yenyewe mezani na kumwaga kahawa, wiki mbili baadaye ya Ilpo ikaruka vilevile, na kabla ya Krismasi wote wawili walikuwa wameanguka kifafa, wakapewa dawa ileile kwa kipimo kilekile, kifafa kikawaacha kwa miaka ishirini na sita, na kila asubuhi Hellevi alimpigia nduguye simu: "Mdogo wangu, umemeza?"

Mwaka 1995 aliajiriwa kuhudumia wazee majumbani, akiendesha gari kilomita mia moja kwa siku, na tarehe 16 Juni 2001 aliolewa na Reijo, seremala, aliyefariki mwaka 2012, nao hawakujaaliwa mtoto, ilhali Ilpo alipata watatu akiwa anatumia dawa hiyohiyo, na hakuna daktari aliyemwuliza neno.

Tarehe 2 Februari 2016 daktari mpya alimwachisha Hellevi dawa hiyo, kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni, akamwambia, "Bado unaweza kupata mimba."

"Kwa nani, daktari?" alijibu. "Mume wangu yuko kaburini, na wewe umeoa."

Alipewa dawa nyingine, na baada ya wiki kumi na moja alianguka kifafa jikoni kwa mzee aliyekuwa akimlisha, akanyang'anywa leseni ya udereva, akahamishiwa kumenya viazi katika jiko la manispaa, na Ilpo alipomletea vidonge vyake mwenyewe, Hellevi alivirudisha, akisema, "Vyangu nitapewa kwa jina langu." Aliiandikia hospitali maombi matano ya kurudishiwa dawa yake.

Jumamosi tarehe 11 Mei 2019 familia iliwasha sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, wanawake wakitangulia kuoga kama ilivyo desturi, lakini siku hiyo mwanamke alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo Ilpo alikaa kwenye ngazi, nje ya mlango, kumlinda.

"Dada, u mzima?"

"Nikinyamaza ujue nafaidi mvuke. Usiniharibie."

Sote tumelelewa kunyamaza katika sauna kama kanisani, naye Ilpo aliuheshimu ukimya huo kwa dakika arobaini, hadi ikafika zamu ya wanaume, akafungua mlango, akamkuta ameangukia mawe ya moto ya jiko la sauna, amekwisha kufa. Alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Barua ya hospitali ilifika Jumanne tarehe 14 Mei, ikimruhusu kurudia dawa yake, kwa sharti kwamba kwanza apimwe mimba.

Familia inawashukuru madaktari kwa barua hiyo, wauguzi wa gari la wagonjwa, majirani walioleta mikate na kahawa, wenzake wa jikoni, na wazee aliowahudumia, ambao baadhi yao wamefika leo kwa magongo.

Ilpo ameomba isemwe kwamba kidonge cha asubuhi hii amekimeza, maana hakuna aliyempigia simu kumwuliza.

Lala kwa amani, Hellevi.