Foto ya Mukia Chafu

Mwaka wa 56, mu kamiyo ya mizigo ya kutoka Mboko kwenda Baraka, nilikaa juu ya magunia pembeni ya Saleh na Mama Dorothée, bantu benye habajuane. Saleh akatoa foto mbili za ndege.

"Mama yangu iko mugonjwa Baraka. Anaomba kandege kenye kalikuwa kanamuchezea mulangoni. Hii iko safi. Hii ingine nitatupa, mukia imechafuka, haionekane muzuri."

Mi nikaangalia ile safi, nikasema ni mutoto wa kuku. Ni vile niliachaka masomo katikati.

"Usitupe, baba!" Dorothée akapiga kelele. "Kichwa imetulia, mukia peke ndio inatikisika. Kandege ka kucheza ni haka! Kale kengine ka foto safi kanakulaka mupunga yangu."

Saleh akamushika mikono mbili. "Aksanti, mama. Aksanti sana."

Kamiyo ikasimama. Foto safi akanipa mi: "Kamata mutoto wako wa kuku."