Ubao wa Rangi Kumi na Moja

Mheshimiwa Mganga Mkuu, wakuu wa idara, wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyenikodolea macho hapo mbele ili nisidanganye: hamjambo.

Mshereheshaji amenisifu hadi nikageuka kutazama anasemwa nani. Eti ubao wa maelekezo pale langoni ni kazi ya mikono yangu. Ni kweli. Una rangi kumi na moja, namba arobaini na mbili, na hauna mshale hata mmoja, maana niliona mishale inaharibu sura. Idara nilizipanga kwa umri, mkuu yeyote asije akanuna. Dharura ndiyo changa kuliko zote, nikaiweka chini kabisa, baada ya stoo ya magodoro. Je, kuna aliyelalamika? Wakuu walinipigia makofi. Wagonjwa sikuwauliza.

Mwaka juzi Dharura ilihamia jengo jipya. Nikabadilisha ubao nikiwa nimekaa mezani kwangu, bila kutia mguu huko. Wiki hiyohiyo mke wangu akaanguka jikoni. Nikamfikisha langoni, nikamweka kwenye kiti cha magurudumu, nikasimama mbele ya ubao wangu mwenyewe. Zambarau na urujuani, nilizozibishania mwezi mzima, zilikuwa rangi moja. Nikasoma kuanzia juu, kama asomavyo kila mtu. Nilipofika namba kumi na tisa, mke wangu aliacha kunijibu. Sijawahi kuogopa vile.

Dada aliyekuwa akipiga deki akaniambia, "Mzee, acha kusoma, twende." Akashika kiti, akakimbia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, ningerudi nyumbani peke yangu.

Mke wangu alipopata nafuu, nilimwendea yule dada anifundishe. Akaniuliza, "Mtu mwenye mgonjwa anatafuta nini kwanza?" Nikaanza kumweleza historia ya idara. Akaendelea na deki yake. Ule mstari mwekundu mnaoukanyaga kutoka langoni hadi Dharura ni wazo lake. Mimi nilishika brashi tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, cheti hiki cha ubunifu ni chake. Ningemwita hapa mbele, lakini orodha ya waalikwa niliiandaa mimi, nikaipanga kwa vyeo, na karatasi ikajaa kabla sijamfikia. Sasa hivi anafagia huko nje.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mniwie radhi, natoka kumpelekea.