Mwalimu Bibiana na Hadithi ya Ukoko

Ndugu zetu, leo Ijumaa tarehe 10 Oktoba 1958 tumefika hapa Pongwe kumkabidhi kwa Muumba wake Bibiana, mke wa Rafaeli, ambaye wengi wenu mlimwita kwa jina moja tu, Mwalimu. Tunawaomba mvumilie jua kidogo, tuwaeleze alikotoka.

Bibiana alizaliwa Muheza tarehe 14 Machi 1911, mtoto wa pili wa mzee Msafiri, mkata mkonge. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akashauri abatizwe upesi kabla jua halijatua. Akabatizwa siku hiyo hiyo, kisha akaishi miaka arobaini na saba.

Mwaka 1920 aliingia shule ya misheni hapo Muheza, na mwaka 1925 akapelekwa kwa masista milimani Usambara, akarudi na cheti cha ualimu mwishoni mwa 1928. Hadithi zilimshika tangu huko. Wenzake walisikiliza wapate kujua mwisho, yeye alitaka kujua kwa nini sungura kadanganya: ni njaa, au ndiyo tabia yake? Sista mmoja alimwambia, "Bibiana, kunywa uji wako, sungura kesha shiba."

Alifunga ndoa na Rafaeli, karani wa mizani ya mkonge, tarehe 12 Julai 1930. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kristofa, Timotheo, na Yudita, ambaye alirudi kwa Mungu akiwa na miezi minane. Walihamia Pongwe mwaka 1938.

Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka ishirini na minne. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ni darasa la akina mama, alilolianza Januari 1953, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika banda la katekesi. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa shoga yake Praxeda, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye siku hiyo kalamu aliishika kama mwiko. Akina mama walipojua kusoma, Mwalimu aliwapa kitabu cha hadithi za kale, na kila hadithi ilipokwisha aliwauliza: huyu ana tabia gani, na funzo lake ni nini? Wakristo walikuja, Waislamu walikuja.

Tarehe 2 Juni 1956 zamu iliifikia hadithi ya mama wa kambo. Mama huyo alipika wali, akampakulia mumewe, akampakulia mwanawe wa kumzaa, na binti wa mumewe akampa ukoko ulioshika chini ya chungu. Mwishowe mama akageuka kima.

"Huyu mama ana tabia gani?" akauliza Mwalimu.

"Roho mbaya!" wakajibu.

"Wa namna hiyo mbona hata hapa Pongwe tunao," akasema mmoja wa nyuma.

Banda zima likacheka. Mwalimu naye akacheka. Praxeda hakucheka. Yeye alikuwa akimlea Anjela, binti wa mumewe aliyefiwa na mama, na Jumatano iliyotangulia Mwalimu alipita kwake akamkuta Anjela mlangoni, ana ukoko mkononi. Mtoto yule ukoko ndio aupendao, huulilia. Lakini Praxeda aliona amepigwa fumbo mbele za watu.

Pwani yetu mnaijua. Jumatatu, saa nne asubuhi, Praxeda alikuja kumsuta Mwalimu mlangoni kwake, na wanawake wanane wa darasa nyuma yake, na debe la kupiga.

"Jumatano umeuona ukoko kwangu, Jumamosi umeuleta darasani. Haya, sema mbele za watu hawa, mimi ni kima?"

"Kitabu kimechapwa zamani, shoga."

"Kimechapwa zamani, lakini aliyekifungua ni nani?"

Wale wanane wakapiga debe, wakaimba, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata walikuja wanawake wanne tu, na Praxeda hayumo. Darasa lilikuwa linakufa, lakini Mwalimu alimwambia dada yake Benedikta kwamba darasa angeweza kulianza upya, ila Praxeda hangempata tena. Majuma mawili Mwalimu alimsalimu Praxeda kisimani bila kuitikiwa.

Akasali novena, sala ya siku tisa. Siku ya tisa akaenda nyumbani kwa Praxeda, akakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Ukurasa ule zamu yake ilikuwa imefika," alisema. "Kicheko kilikuwa changu. Nisamehe."

Praxeda aliendelea kupepeta mchele. "Na huyo mama kitabuni? Yeye kamwomba nani radhi?"

"Njoo umsemee wewe. Mimi sikumwuliza."

Jumamosi ya mwisho ya Juni Praxeda aliingia bandani akiwa wa mwisho, hakuketi. Akawataka wasome tena pale penye chungu, polepole. Wakasoma.

"Baba kala?"

"Kala."

"Mtoto wake?"

"Kala."

"Binti?"

"Kapewa ukoko."

"Na aliyepika je, kala nini?"

Wakatafuta, wakageuza ukurasa mbele na nyuma. Haikuandikwa. Bibi mmoja mtu mzima akasema, "Yailahi, huyu kalala na njaa." Wala Praxeda hakusema mama yule alikuwa mwema. Alisema tu hakuna aliyemtazama. Tangu siku hiyo Mwalimu aliongeza swali la tatu katika kila hadithi: nani humu hakutajwa? Na wale wanane wote walirudi.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari mwaka huu, miguu ikavimba. Alilazwa hospitalini Tanga tarehe 18 Septemba. Praxeda alikwenda kila alasiri, akimsomea kwa sauti, yeye aliyeshika kalamu kama mwiko. Siku moja alisoma hadithi ile ile, akafika kwenye chungu: "Mama naye akajipakulia kidogo, akala."

Marehemu akafumbua macho. "Hayo hayamo, shoga."

"Najua, Mwalimu. Nimempakulia mimi."

Alicheka mpaka muuguzi akaja. Alipokea mpako wa mwisho tarehe 7 Oktoba, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 akakata roho, rozari mkononi.

Ameacha mume, Rafaeli, watoto wawili, Kristofa na Timotheo, wajukuu watano, na dada yake Benedikta. Ameacha pia Praxeda na binti yake Anjela. Hao si wa damu, lakini marehemu mwenyewe aliagiza wasomwe hapa pamoja na ndugu, maana hakutaka mtu wa hadithi yake asitajwe.

Ee Bwana, umkaribishe mezani pako, umpakulie, naye apumzike katika amani yako. Amina.