Mwaka Ambao Philipo Ntandu Hakuusema

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, ndugu yetu Philipo Martini Ntandu alikuwa amepiga magoti katika bustani moja huko Al Rayyan, karibu na hapa Doha, akitandika mabomba ya umwagiliaji wa matone, ukaingia ujumbe kwenye simu yake, akausoma, akakaa chini mchangani, na wenzake walipomuuliza kuna nini akasema ni kichwa tu. Hakikuwa kichwa, na ndiyo maana historia hii imeandikwa mara mbili, na dada yake Loice, anayewasomea, anaomba mumvumilie, atasoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, Makiungu, mkoani Singida, mtoto wa nne wa Mzee Martini na Mama Agata, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1999 hadi 2005, sekondari Singida mjini hadi 2009, kisha chuo cha kilimo Morogoro, alikohitimu Novemba 2013.

Katika historia ya kwanza, Loice aliandika kwamba baada ya chuo marehemu alirudi nyumbani kulima alizeti. Si kweli. Kuanzia tarehe 9 Septemba 2014 hadi 20 Agosti 2015 alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo yaliyoandaliwa na Israel, kwenye shamba la mboga la walowezi wa Kiisraeli katika Bonde la Yordani, na huko ndiko alikojifunza umwagiliaji wa matone. Mama mwenye shamba, Hannah, alimvisha koti lake wakati wa baridi na kumuuguza alipopata homa, na ujumbe wa asubuhi ile ya Oktoba ulitoka kwake, kwamba mpwa wake ameuawa kijijini kwake karibu na Gaza. Shambani humo alikuwamo pia kibarua Mpalestina, Abdallah, aliyepita getini kwa kibali kila alfajiri, ambaye siku moja alimwonyesha kisima, akamwambia kilichimbwa na babu yake na ardhi ile ilikuwa yao kabla ya vita vya 1967. Marehemu akamjibu, "Lakini Biblia inasema ni ya hawa." Abdallah akaendelea kuchuma pilipili hoho, na tangu siku hiyo akawa anakula chakula chake cha mchana peke yake. Marehemu aliporudi Makiungu, padre alimwomba aisimulie Nchi Takatifu, akaisimulia saa nzima, kanisa likapiga makofi, na Abdallah hakumtaja. Jambo hilo alilitubu mpaka mwisho.

Alifunga ndoa na Yasinta tarehe 10 Desemba 2016, Mungu akawajalia watoto wawili, Benedikto na Sesilia. Tarehe 3 Juni 2019 aliwasili Doha, ambako Loice alikuwa akifanya kazi za nyumbani. Msimamizi wa kampuni ya bustani, Bwana Yusufu, mzaliwa wa Khan Yunis, huko Gaza, alipoona anavyounganisha mabomba alimuuliza amefundishwa wapi. Marehemu alikuwa ameshamuuliza Loice ajibu nini, na Loice ndiye aliyemwambia, "Sema Morogoro. Tumekuja kutafuta, hatukuja kusimulia." Akasema Morogoro. Yusufu akafurahi, akamfanya kiongozi wa kikosi, na kwa miaka sita akamwita Morogoro, akiwatania vijana wapya kwamba huko Morogoro hata mbuzi wanajua kufunga koki.

Mwezi Novemba 2023, dada yake Yusufu na watoto wake wanne waliuawa kwa bomu Khan Yunis. Marehemu alikwenda mara tatu hadi mlangoni kwa Yusufu, Al Mansoura, akitaka kumwambia ukweli, na mara zote tatu Loice alimpigia simu akamrudisha, akimwambia kazi itaisha na watoto wana shule.

Mwezi Mei 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Yusufu alikuja wodini kila baada ya kazi, akimlisha supu ya dengu kwa kijiko. Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026, marehemu alimshika dada yake mkono akasema, "Mwaka ule uusome, Yusufu akiwepo." Saa kumi na moja alfajiri akafariki.

Hata hivyo Loice aliandika ile ya kwanza, juzi, akiwa mzima na mwenye akili timamu. Leo ameichana. Wanjohi, uliyeketi karibu na Bwana Yusufu, tafadhali usipunguze neno katika kumfasiria, hasa hili, kwamba aliyeogopa zaidi ni dada, na marehemu aliona aibu kula mkononi mwa mtu asiyeujua mwaka wake ule. Bwana Yusufu, familia haidai jibu lolote kwako leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Industrial Area waliokesha naye zamu kwa zamu, wafanyakazi wenzake wa bustani, na Watanzania, Wakenya na Waganda wote mliochangia safari yake ya kurudi Makiungu.

Ee Bwana, huyu ni Philipo, unamjua na mwaka wake wote, mpokee bila kificho, uwapokee na wale wa Khan Yunis na yule mpwa wa Hannah, na utupe sisi tuliobaki ujasiri aliokosa dada yake. Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Amina.