Aliyekaa Ndani ya Jani la Mlimau

Nyuma ya stendi ya Same, kwenye benchi ambapo upepo hutia vumbi hadi kwenye kikombe, Eliufoo alifika mapema na jani la mlimau mfukoni. Kijiweni walimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa alizoea kusikiliza tu. Leo alikuwa na la kusema.

— Hebu tazameni.

Jani lilikuwa na mchirizi mweupe, umepindapinda kama barabara ya kupandia Bombo, kule milimani.

— Dawa za mashambani hizo, alisema Kassimu fundi pikipiki, wanayemwita Spana.

— Dawa wapi! Muhidin, jina la kijiweni Redio, akalinyakua. — Haya maandishi, jamani. Mzee umetupiwa jini!

— Jini gani hajui kuandika mstari ukanyooka? Hiyo ramani, alisema Spana. Setilaiti zinapima madini, mionzi inaunguza majani. Chimba chini ya mti, mzee!

— Achimbe, maji ya bomba yenyewe hayapati! Redio akadakia.

Wakacheka. Eliufoo akangoja wamalize.

— Ni kiwavi. Anaishi humo ndani, kati ya ngozi ya juu na ya chini. Anakula huku anasonga. Akishiba anakunja ukingo wa jani, anajifungia. Juzi nimemwona akitoka, amegeuka kanondo kadogo kama punje ya ulezi, keupe, kanang'aa. Kakatua hapa kidoleni.

— Kitu kidogo hivyo ulikionaje? aliuliza Spana.

— Nilikuwa nimekaa tu.

— Tangu saa ngapi?

— Tangu asubuhi.

Mwamvita muuza kahawa alikuwa akimmiminia mama mmoja mgeni, Resian, aliyeteremka stendi na maziwa yake ya kuuza, akisubiri basi la kwenda Mwanga.

— Shikamoo, baba, alisema Resian.

— Marahaba.

— Na mama nyumbani, alisemaje alipokaona?

Redio akamtazama Spana. Spana akamtazama Mwamvita. Miaka yote hiyo wanakunywa naye kahawa, na hakuna aliyejua kama ana mke.

— Alifariki vuli iliyopita, alisema Eliufoo. — Tulimzika Bombo.

— Pole sana, baba, Resian alisema, akamshika mkono.

— Mzee! Spana akasema. — Mbona hukutuambia?

— Nilikuja niwaambie. Nikawakuta mnabishana habari za mpira. Sikupata pa kuingilia.

Spana akajifuta grisi kwenye suruali.

— Kwako ni wapi, mzee?

Eliufoo akanyoosha mkono kuelekea mlimau uliokuwa ng'ambo tu ya barabara kuu, na wote wakageuka kutazama.