Kioo Alichokigeuza Baba Mkwe

Bwana asifiwe! Wa nyuma kule sijawasikia. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa najua mmeamka.

Ndugu zangu, wengi hapa mnaniita Sista, na wengine watoto wenu wachanga niliwapokea mimi mwenyewe siku walipozaliwa, kwa hiyo msinibishie. Nimefanya kazi wodi ya watoto, nimeingia chumba cha upasuaji, nimechanja, nimefunga vidonda. Watu walinisifu kwamba kila idara naijua. Hawakujua kwamba nilikuwa nakimbia.

Nilikuwa nakimbia leba. Nikiwa bado mkunga kijana, katika hospitali ya mbali na huku, mama mmoja alijifungua salama, halafu akatokwa damu mpaka akatutoka. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, tulifanya yote yanayotakiwa. Hakuna aliyenilaumu. Lakini toka siku ile, nikisikia mama analia kwa uchungu, mikono yangu inatetemeka hata kalamu haishikiki. Nikaomba uhamisho, nikapewa. Nikaomba mwingine. Nilikubali kazi yoyote, alimradi isiwe kuzalisha. Na ukunga ndiyo kazi niliyoipenda toka utotoni! Nikaikosa huku nimevaa sare yake. Iliniuma sana.

Mwisho nikaletwa zahanati ndogo huku kwetu Rungwe, katikati ya mashamba ya chai. Nilifurahi, maana wajawazito wengi walikuwa wanakwenda kujifungulia hospitali za Makandana au Igogwe. Nikasema, hapa nitapumzika.

Mchana mmoja wa mvua, mwenzangu akiwa amekwenda mjini kuchukua chanjo, akaingia binti anaitwa Atupele, uchungu umemkaba, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa karibu kabisa. Nikampokea huku natetemeka. Mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka, nikashukuru. Halafu damu ikaanza. Nikachoma sindano ya kukaza kizazi, nikakanda tumbo, damu inakuja tu! Nikapiga simu, gari la wagonjwa limekwenda kwa mgonjwa mwingine.

Gari pekee lililokuwa karibu ni pikapu ya baba mkwe wa Atupele, aliyekuwa anapakia ndizi barabarani. Mama mkwe akamkimbilia. Sasa, Wanyakyusa wenzangu mnajua. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hawatazamani, hawasemezani, akimwona njiani, anajitosa migombani. Na Atupele alilelewa na bibi yake, mila hiyo imemwingia mpaka kwenye mifupa. Akanishika gauni, midomo imempauka.

"Sista, siwezi kupanda gari la baba. Niacheni tu hapa."

Ndugu zangu, mtu anakufa na bado anaona aibu! Nilitaka kumfokea. Kabla sijafungua mdomo nikamsikia mzee huko nje, kaupa mlango mgongo.

"Sista, mwambie mwanangu apande. Kioo cha ndani nimekigeuzia juu. Mimi naangalia barabara tu. Atakayeuliza, nitamjibu mwenyewe."

Atupele aliposikia anaitwa mwanangu, akalia. Akajifunika kanga usoni, akakubali.

Tukamlaza nyuma kwenye godoro, turubai juu yetu. Mama mkwe akakaa mbele na mtoto. Nikapiga magoti, mkono mmoja ndani, mwingine juu ya tumbo, nikabana kizazi katikati. Na mikono ikaanza kutetemeka vilevile. Nikamwona yule mama wa kwanza, sura yake kabisa. Nikapiga kelele, sioni haya kusema: "Yesu, mimi siwezi! Ishike mikono hii Wewe!"

Ikatulia. Ndugu zangu, ikatulia! Barabara inaturusha, mvua inapiga turubai, mikono yangu imetulia kama imeshikwa na mtu. Sikuiachia. Kabla hatujafika kwenye lami nikasikia kizazi kinakaza chini ya kiganja changu, kigumu kama ndizi mbichi. Damu ikapungua. Hospitali wakamwongezea damu, akapona.

Mzee alibaki kwenye usukani mpaka mkwewe alipoingizwa ndani. Ndipo akateremka, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, Sista," akasema. Asante sana. Akalia, na mimi nikalia naye.

Baada ya hapo niliomba uhamisho wangu wa mwisho. Safari hii niliomba leba.

Atupele yupo hapa leo, upande wa akina mama, na Ambokile wake mgongoni. Jina hilo maana yake ameniokoa. Mzee naye yupo upande ule, kajibana nyuma ya nguzo ili wasionane. Mila yao wameishika, na mimi siwacheki. Lakini pambio likianza, nawasikia wote wawili.

Wewe uliyekaa hapo na hofu yako, usiihamishe kituo hadi kituo kama nilivyofanya mimi. Usingoje mikono itulie ndipo umwite Yesu. Mwite ikiwa inatetemeka! Atakuja.

Mniombee, wapendwa. Zamu yangu inaanza mchana huu, na nikitoka hapa naelekea leba.