Mama Vipimo Anastaafu, Kanuni ya Rangi Bado Haijatiwa Saini

Niseme mapema, wageni wa sherehe wasihangaike kuuliza: serikali haijapata neno la maana kutoka maabara yetu ambalo halikupitia garini mwangu. Mawaziri wananijua kwa honi. Kwa hiyo alipotafutwa mtu wa kuandika wasifu wa mkemia mkuu wetu, Mama Vipimo, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, macho yote yalimgeukia Mjomba dereva. Yangemgeukia nani tena?

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba, akapewa meza chini ya feni mbovu na kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupima risasi iliyomo kwenye rangi za nyumba. Si ya bunduki. Ni yale madini yanayofanya rangi ing'ae na kukauka upesi. Rangi hiyo ikibambuka mtoto akaila, inamdumaza akili taratibu, bila homa wala upele. Nilimpeleka shule hadi shule kuchukua sampuli. Siku moja tulivuka mto uliofurika, samaki wawili wakapanda garini bila nauli. Yeye anakanusha, anasema alikuwa chura mmoja.

Majibu yalikuwa mabaya. Akayaandika kwenye majarida ya wataalamu, wataalamu wenzake wakampongeza, na rangi zikaendelea kuuzwa. Hatimaye kamati ya bunge ikamwita. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, maana mlinzi wa pale ni shemeji yangu. Mama akapewa robo saa, na karibu yote ikaishia kwenye kueleza jinsi mashine inavyosawazishwa. Mwenyekiti, mkulima wa zamani asiyependa mizunguko, akamkatiza kwa upole: "Mama, tumeelewa ni hatari. Sasa unataka sisi tufanye nini?"

Akajibu kama wanavyomalizia ripoti zao zote: "Utafiti zaidi unahitajika."

Basi, wakamkubalia. Faili likawekwa kando kungoja huo utafiti zaidi, likangoja miaka sita. Siku ile tukirudi, tulikuwa tunakaribia soko. "Mjomba," akaniambia, "mlango ulikuwa wazi, nami nikasimama kuomba ufunguo."

Toka siku hiyo alibadilika. Kalenda ya bunge aliijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe. Akazoeana na karani wa kamati, kwa kuwa karani ndiye anayejua jambo gani linaingia lini. Kijana wa maabara akileta taarifa, Mama alianza na ukurasa wa mwisho akitafuta ombi. Kama halipo, taarifa inarudi na mwenyewe. Aliwaambia kuwa shaka isifichwe, ila mtu aseme pia la kufanya leo. Aliporudi kwenye kamati alibeba ukurasa mmoja wenye kiwango kimoja cha mwisho cha risasi na tarehe moja ya kuanza, pamoja na kipande cha fremu ya dirisha la shule ya chekechea chenye alama za meno. Kikapita kutoka mkono hadi mkono. Walikubali asubuhi ileile.

Kanuni sasa iko kwa wanasheria wa wizara, inangoja saini. Tuliomba itoke kabla hajakabidhi ofisi, haikutoka. Na hata ikitoka kesho, watoto waliosoma madarasa yale katika ile miaka sita wameshakua. Kila tukimsifia, anawataja hao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Vipimo, ahsante kwa ukali wako na kwa chai uliyokuwa ukinibakizia. Lala mchana sasa, simu ilie bila kupokelewa, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Wale wanasheria tutawafuatilia sisi.

Jambo moja, na lisifike kwa mke wangu. Mwaka juzi ulipima mlango wa kijani wa chumba wanacholala wanangu wadogo, ukanikataza kuukwangua maana vumbi lake ni sumu, ukasema niung'oe niweke mwingine. Bado upo palepale. Nilikuwa nangoja kanuni itoke.